Masharubu ya Mchina

Mie na redio hatuachani. Miaka ya tisini, hapa Sib, Omani, nlikuwa nnayo moja ndogo, naiweka juu ya friji, napika huku nasikiliza. Kulikuwa na idhaa ya Wachina wanaosema Kiswahili, basi Kiswahili hicho kimenyooka kama walizaliwa Mji Mkongwe! Nkiwaambia wanangu, "Sikilizeni, Mchina anasema 'tafadhali', nyie na Kiarabu chenu, 'lau samaht'."

Wakati huo mwanangu wa kiume yuko Uingereza, kaenda kusomea umeme. Kamaliza, na watu wa huko wanamtaka abaki awafanyie kazi. Mie roho juu! Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nimeinukia nini. Simu ikilia nakimbia, kumbe mtu kakosea nambari.

Siku moja redioni wakaeleza habari za Wachina wakubwa walioipenda nchi yao. Mmoja bingwa wa maroketi, kakaa Amerika, ana cheo chake. Akataka kurudi kwao, wakamzuia miaka. Kasubiri, mwisho karudi, na kwao penyewe hapana kitu. Mwengine mwigizaji, mwanamme huyo, lakini kazi yake kucheza mwanamke. Maadui walipouteka mji wakamtaka awachezee. Unajua alifanya nini? Akafuga masharubu! Bibi harusi gani ana masharubu? Vita vilipokwisha akayanyoa, akarudi jukwaani. Nilicheka mpaka wali ukashika chini.

Mwanangu alipopiga simu nikamshushia yote, na chumvi nikatia.

"Wewe fuga masharubu uwakatae hao Waingereza," nikamwambia. "Rudi kwetu, baba. Yule Mchina kwao giza, taa haziwaki, na alirudi akawawashia wenziwe!"

"Kwetu, mama?"

"Kwetu!"

"Haya, mama. Nimesikia."

Loo, furaha! Nikapika halwa, nikafua mapazia. Nikawa nasubiri anambie ndege gani. Kimya. Nazunguka nyumba, binti yangu mkubwa ananambia, "Mama, utatoboa zulia." Halafu simu ikalia.

"Mama, nimefika kwetu."

"Umefika! Uko uwanja wa ndege? Tunakuja, tuko hapa hapa!"

"Niko Unguja, mama. Nimepata kazi ya umeme."

Nikakaa chini. Binti yangu kashika mbavu kwa kucheka. "Nani aliyemwambia taa haziwaki kwao? Hapa Sib zimezimika lini? Na toka tuko wadogo kila ukisema kwetu, ni Unguja. Embe za kwetu, mvua ya kwetu!"

Kweli. Hata siku ile nasema rudi kwetu, moyoni nauona mlango wangu huu wa Sib, lakini ulimi umezoea njia yake.

Nikamkasirikia, nikamsifu, nikamkasirikia tena. Sikutulia. Mwisho nikamfuata. Kanipokea masharubu haya hapa, mazito, kama afisa! Nikambusu nikamtukana. Siku za mwanzo raha tupu: nimekula shelisheli, nimewaona wenzangu waliobaki siye tulipohamia Omani. Halafu mchana mmoja umeme ukakatika. Joto! Feni imesimama, maji hayapandi, mtaalamu wangu wa umeme kakaa ananipepea kwa kawa la kufunikia chakula. Nikasema mwenyewe, bila kufikiri:

"Ah, baba, mie nishachoka. Nataka kurudi kwetu."

Kawa likamdondoka. "Kwetu wapi tena, mama?"

Nilitaka kujibu, nikacheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Nilipopata pumzi nikamwambia pole pole, safari hii nikapataja kwa jina:

"Sib. Mie kwangu sasa Sib. Na weye nakutaka huko, lakini sikukokoti. Wawashie taa zao kwanza."

Nikarudi peke yangu, na mguu wangu haukutulia. Kila gari likisimama nje nachungulia. Mpaka mwaka wa pili, Ijumaa, nipo jikoni na redio yangu, mlango ukafunguliwa. Nikageuka. Mwanangu! Uso unang'aa, mdomo wa juu umenyolewa safi kama wa mtoto.

"Vita vimekwisha, mama," akasema. "Kuna wali?"