Karatasi Aliyookota Bhoke

Bhoke wa Kenyamonta analima ulezi, anafuga mbuzi, na kwa miaka kumi na moja ndiye kiongozi wetu wa maombezi. Mimi ni jirani yake, nasema bila kuogopa: ule mdomo ni pilipili. Lakini akipiga magoti, hata mimi mvivu wa kusali naona haya kusinzia.

Kila Ijumaa alasiri kanisani tunaandika majina ya wenye shida kwenye vikaratasi na kuvitia kikapuni. Kisha kila mtu anaokota kimoja na kumwombea huyo kwa sauti. Sheria aliiweka Bhoke mwenyewe: karatasi hairudi kikapuni. Mwaka jana dada mmoja alimwokota mke mwenzake, akataka kubadilisha. Bhoke alimsema mpaka akalia.

Ijumaa ile akaokota yeye. Alisoma, lakini hakuanza kuomba. Nikachungulia. Herufi zilikuwa zimepinda kama za mtoto wa chekechea: Joram, yuko gerezani, anaumwa sana, Mungu amrehemu.

Joram ndiye aliyekuja na wenzake kuiba ng'ombe wa Bhoke, akamkata mumewe, Nashoni, mkono wa kulia kwa panga. Nilimtafuta kwa macho mshenzi aliyeandika, nimtoe nje mimi mwenyewe.

Bhoke akauliza nani ameandika. Akauliza tena, na safari hii alikuwa amekwisha kukivuta kikapu karibu. Nikajua anataka kuirudisha, na moyoni nikamwambia airudishe tu.

Ndipo Nashoni akasimama kwenye benchi la wanaume, mkono mtupu wa shati umefungwa fundo.

"Ni mimi, Mama Mniko," alimwambia mkewe. "Nimejifunza kuandika kwa kushoto."

Miaka mitatu Bhoke anamfunga vifungo mwanamume huyu, anamkatia nyama, na hakujua kwamba anajifunza kuandika. Wala hakujua ni kwa ajili ya jina la nani.

Bhoke akakisukuma kikapu kando. Kisha akapiga magoti, karatasi ikiwa ndani ya ngumi.

"Bwana, mimi huyu mtu simtaki, na wewe unajua. Lakini mume wangu anamwombea. Msikilize yeye."

Tulishindwa kuitikia amina. Aliitikia Nashoni peke yake.