Punda wa Mstari wa Nyamusi

Nyamusi alikuwa mdogo wa umbo, ila ukitaka kumsogeza ulihitaji trekta. Alitoka Kisii akiwa msichana, akachuma majani ya chai kwenye mashamba ya Boito miaka ishirini na miwili, na wanawake wanane wa mstari wake walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza nyapara.

Roboti ilipoletwa kubeba vikapu hadi kwenye mizani, waliiita Punda. Kipkurui, fundi kijana aliyeiunda, aliifundisha kumkimbilia yeyote ambaye kikapu chake kimejaa. Basi Punda akawazunguka wenye mikono myepesi, huku Mongina, mkubwa wao kwa umri, akibaki nyuma na goti lake bovu na mzigo mgongoni. Mara mbili lori la kiwandani liliondoka kabla hajafika. Nyapara akasema ikitokea ya tatu, Mongina atatolewa kwenye gengi lao la wachumaji.

Nyamusi alikasirika hadi chai ya saa nne ikamshinda. Tangu zamani, aliyejaza kikapu alirudi kumchumia wa mwisho, wote wakashuka pamoja. Sasa kikapu kikichukuliwa, kila mtu alisonga mbele tu. Punda hakuwa na mama wa kumfunza, basi angefunzwa na mstari.

Kesho yake aliwaambia wenzake wasimpakie Punda chochote mpaka aanzie kwa Mongina. Punda alisimama mbele ya huyu, akahamia kwa yule, akiomba vikapu kwa sauti yake tamu. Wanawake walichuma tu. Kipkurui akaja mbio kuuliza mbona wamegoma.

"Hatujagoma, kijana wangu," Nyamusi alisema. "Tunamfundisha. Hapa hakuna mtu anashuka kama mwenzake ako nyuma na mzigo. Andika hiyo kwa kichwa yake."

Kijana akaanza kueleza habari za kasi. Nyamusi akampa kisogo. Siku ya tatu Kipkurui alisalimu amri. Punda akaanza kumtafuta wa mwisho, na Mongina akaliwahi lori.

Mwezi wa nane, mvua ikiwa imelowesha mteremko, Nyamusi aliteleza akateguka mguu. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, yeye kiongozi, kubaki mkiani. Punda aliwapita wote akaja kusimama mbele yake.

"Enda kwa Mongina," akamfukuza.

Mongina aligeuka kutoka huko mbele. "Mimi niko huku, mwanangu. Wa mwisho ni wewe. Weka kikapu."

Machozi yalimlengalenga Nyamusi. Alikivua kikapu, akakiweka. Alipoinua kichwa, wenzake walikuwa wamesharudi kuchuma upande wake.