Theme ya bure iliyohamisha sikio la ng'ombe wa Mzee Masunga

Wakuu, salaam kutoka huku juu kwenye baridi.

Ninachoandika hapa si chai, kimenitokea mimi mwenyewe. Na wale wa "bila picha hatuamini" naomba mtulie, maana leo picha ndiyo mtuhumiwa.

Wiki nzima nawasoma humu mnabishana theme ipi kali, plugin ipi usiikose, developer gani anajibu watu vizuri. Sasa nami niseme langu. Theme za bure, zile sura za kuvalisha blog, siziamini. Plugin, zile programu ndogo za kupachika, siziamini. Na wale wanaojibu "works fine for me" kwenye forum za developers ndio siwaamini kabisa.

Nina sababu. Ngoja niwasimulie.

Nina stationery hapa Sumbawanga mjini. Nachapa barua, photocopy, passport size, nalaminate vyeti. Kipindi kile modem zimeingia na kila mtu ana simu ya Mchina yenye kamera, nikafungua blog ya matangazo ya kwetu. Viwanja, misiba, mahindi, ulezi, pikipiki iliyoibwa.

Kilichoipaisha blog lakini ni mifugo iliyopotea.

Huku kwetu wamehamia wafugaji wengi kutoka Kanda ya Ziwa, hasa kule chini bondeni upande wa Kaoze. Sisi Wafipa ni watu wa jembe. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi anakamatwa, anapelekwa kwa mtendaji wa kijiji, halafu mwenyewe anatafutwa. Zamani habari zilitembea mnadani na nje ya kanisa baada ya misa. Mimi nikazileta kwenye blog. Asiye na internet nilimprintia ukurasa wa mwanzo, nagonga muhuri wa stationery, anaenda nao vijijini kama karatasi ya ushahidi.

Muhuri wenyewe ni wa mpira, nilichongesha sokoni. Lakini si mnatujua Watanzania na muhuri? Mtu akiona duara la bluu anavua kofia.

Haya, tuje kwenye theme.

Blog nilijengewa na mshikaji wangu wa Matai, nimwite Deo. Theme aliyoniwekea ilikuwa nyepesi, inafunguka haraka, ila sura mbaya kama daftari la mahudhurio. Mimi kwa tamaa nikajitafutia nyingine mwenyewe. Nikaipata ya bure, nyota tano, watu kibao wameisifia.

Matangazo yanapangwa zigzag. La kwanza picha kushoto maneno kulia, la pili picha kulia maneno kushoto, hivyo hivyo mpaka chini. Ilipendeza jamani!

Nikampigia Deo nijitape kidogo. Akaniuliza, "Umesoma maelezo yake?"

Nikajua ana wivu. Nani anasoma maelezo ya theme?

Msidhani nilikuwa mzembe. Mimi ni mtu wa wasiwasi kwa asili. Footer ya ile theme, kule chini kabisa ya ukurasa, ilikuwa na link imefichwa inapeleka kwenye kamari, nikaiwinda siku mbili nikaing'oa. Nikaanza kuzichunguza plugin moja moja. Hii ya takwimu inapeleka wapi habari za wasomaji wangu? Hii ya contact form inataka email yangu ya nini? Hii kila siku update, update, kuna nini inaficha? Na huyu developer, jina lake herufi tatu tu na picha ya paka, ni mtu kweli huyu?

Nyumba nzima nilifunga kufuli. Mwizi nilikuwa nimeshamkaribisha sebuleni.

Siku moja, mvua za kwanza zimeanza, akaingia mzee mrefu, gumboot zimejaa tope, na binti yake ameshika simu. Mzee Masunga na Kabula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimepotelewa na maksai."

Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, jozi moja. Mmoja amepotea, aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake. Watu wote wameshaanza kulima, yeye anaangalia shamba. Mvua ikipita hujalima, mwaka mzima unaomba unga kwa jirani. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa huku.

Kabula alikuwa na picha ya yule maksai kwenye simu. Nikaihamisha kwenye kompyuta.

"Alama yake?"

"Sikio la kushoto," mzee akasema. "Mikato miwili. Hiyo ni alama ya ukoo wetu tangu kwa babu. Wengine hukata la kulia."

Mimi nikaandika: "Ana mikato miwili sikioni kama inavyoonekana pichani."

Mzee akamwambia Kabula amsomee. Aliposoma, mzee akauliza, "Upande hujaandika?"

Nikamjibu, tena kwa ujuaji, "Mzee, picha inajieleza."

Nikapost, nikaweka na matangazo mengine ya siku hiyo, nikaprinti ukurasa wa mwanzo, nikagonga muhuri kwa nguvu. Mzee akakunja karatasi yake akaitia kwenye mfuko wa rambo, wakaondoka.

Baada ya siku chache simu inaita. Mtendaji wa kijiji kimoja cha bondeni, kijiji sikitaji.

"Wewe ndiye wa stationery? Hapa kuna mzee ana karatasi yenye muhuri wako. Sisi tumekamata maksai, ana mikato miwili sikio la kushoto. Huyu mzee anasema ni wake. Lakini karatasi yake mwenyewe inaonyesha sikio la kulia. Nikimbana anasema karatasi imekosea. Je, imekosea?"

Nikafungua blog palepale. Nikaangalia. Mikato iko sikio la kulia, kabisa, wala huhitaji miwani.

Nikasema, "Mtendaji, picha haidanganyi. Mimi naweka kitu kama kilivyo."

Ningeishia hapo. Sikuishia.

Nikaongeza, "Huyo mzee nimemwona mara moja tu, simjui. Na hawa wahamiaji si unawajua? Wakiona ng'ombe mzuri ni wao."

Wakuu, hayo niliyasema mimi. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilikata simu nikaendelea kulaminate cheti cha ubatizo cha mtu.

Siku ya tatu asubuhi Kabula akaingia peke yake. Hakusalimia.

"Kaka, baba yuko chini ya mgambo siku ya tatu leo. Wanamwita mwizi kwa karatasi yako. Wanasubiri barabara ikauke wampeleke polisi."

Nikamwambia kwa ukali kabisa, "Dada, baba yako amenidanganya. Njoo uone mwenyewe." Nikamgeuzia kompyuta.

Sikio la kushoto.

Nikafumba macho, nikafumbua. Kushoto. Nikaiangalia picha kwenye simu ya Kabula. Kushoto. Juzi nimeona kulia kwa macho yangu haya mawili!

Najua mnachowaza. Mji wetu jina lake linajulikana nchi nzima kwa mambo yale ya uchawi, msijifanye watakatifu. Hata mimi wazo la kwanza lilikuwa hilo hilo. Wazo la pili, nimehakiwa, kuna mtu kaingia kwenye blog. Wazo la tatu, Deo. Nani mwingine ana password yangu? Nani alinionea wivu na theme yangu?

Nikampigia nikammwagia yote. Kwamba ni mnafiki, kwamba anaingia kwenye blog yangu anabadili picha nifungwe. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Sasa weka tangazo lolote jipya, halafu refresh."

Nikaweka tangazo la uongo la kitanda. Refresh. Maksai wa Mzee Masunga akasogea nafasi moja chini, picha ikahamia upande wa pili wa ukurasa, na sikio likahama nayo. Kulia!

Nikaweka tangazo jingine. Likarudi kushoto.

Kabula akashika mdomo. "Mh! Kaka, hiyo mashine yako ina nini?"

Mashine haikuwa na kitu. Ile theme, kila picha inayokaa upande wa kulia inageuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Kila tangazo jipya likiingia, yale ya chini yanabadilishana upande. Picha za viwanja na magunia ya mahindi nani angegundua? Lakini ng'ombe anayetambulika kwa upande wa sikio, ndugu zangu, hiyo ni hukumu.

Nifungue mabano hapa kuhusu hiyo "community" mnayoisifia. Baadaye niliandika kwenye forum yao, kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga, nikaeleza mtu amekamatwa. Developer mwenye paka akajibu mistari miwili: ni feature, yaani imewekwa makusudi, inafanya sura za watu ziangalie maandishi, na imeandikwa kwenye maelezo. Akaifunga mada. Akatokea mtu mwingine, simjui wala hanijui, akanitumia mstari mmoja wa code wa kuzima ule ugeuzaji. Nami badala ya kushukuru nikajiuliza, huyu anatafuta nini kwangu? Nikamtumia Deo aukague, Deo yule yule niliyemtukana. Akajibu, "Uko safi. Weka." Nikaweka, ikapona. Nafunga mabano.

Asubuhi ile sikuwa na muda wa forum. Niliprinti picha nzima kutoka kwenye simu ya Kabula, nikafunga duka, tukapanda pikipiki kushuka bondeni. Ule mteremko mnaujua, na tope lile tulikuwa tunashuka na kusukuma.

Tukamkuta mzee amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, mgambo mmoja pembeni. Watu wamejaa, maana kesi ya ng'ombe haikosi watazamaji.

Nikampa mtendaji karatasi mpya. Akaziweka mbili mezani, akaangalia hii, akaangalia ile.

"Kijana, hii kulia, hii kushoto. Zote muhuri wako. Nikuamini wewe wa juzi au wewe wa leo?"

Kweli kabisa, ningekuwa yeye nami nisingeniamini.

Kabula ndiye aliyetuokoa. Kwenye picha nzima alikuwa amesimama amemshika maksai kamba, amejifunga kanga, na theme ilikuwa imemkata yeye ikabakiza ng'ombe tu. Akaweka kidole kwenye kanga yake pale pichani.

"Mtendaji, soma hapa."

Mtendaji akasoma kwa sauti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Umesoma vizuri? Haijageuka?"

"Haijageuka."

Hapo akili ikanijia. Nikaichukua ile karatasi mpya nikaisogeza kwenye kioo cha pikipiki, nikamwambia mtendaji aangalie ndani ya kioo. Maneno ya kanga yakawa kinyume, hayasomeki. Na sikio lenye mikato likawa la kulia, sawasawa na karatasi ya kwanza. Watu wakaanza kusukumana kuchungulia kile kioo, mama mmoja akapiga kigelegele.

Mtendaji akakuna kichwa. Akamwambia mgambo, "Mfungulie mzee maksai wake."

Nikamfuata Mzee Masunga zizini. Nikaanza, "Mzee, nisamehe sana. Ile theme ilikuwa inageuza picha, mimi sikujua, unajua hizi za bure..."

Alikuwa anamfunga maksai kamba. Nilipoishiwa maneno akasema taratibu:

"Mashine nimeisamehe, mwanangu. Haina macho. Lakini siku ile mtendaji alipokupigia, simu aliiweka loudspeaker. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi. Na hawa watu wote walikuwepo."

Akashika kamba, akamwita Kabula, wakaondoka. Nilirudi mjini peke yangu, na sijui hata nilipandaje ule mlima.

Wakuu, somo langu ni hili. Nilikagua footer, nikakagua plugin, nikamshuku Deo, nikamshuku mtu aliyenisaidia bure, nikamshuku mzee wa watu ambaye kosa lake ni kutoka mbali. Kitu pekee nilichokiapia kwamba hakidanganyi ndicho kilichokuwa kinadanganya. Someni maelezo ya theme. Na tangazo la ng'ombe andikeni upande kwa maneno.

Theme niliirekebisha kwa mstari mmoja. Mzee Masunga alilima, japo alichelewa. Nimesikia bado kule bondeni kuna wanaomwita "mzee wa sikio la kulia", na wanaomwita hivyo hawacheki. Mara mbili nimeshuka kumwomba mtendaji anipe nafasi niseme mkutanoni kwamba mwongo nilikuwa mimi. Mara zote ameniambia yaishe, kijana, ng'ombe si alishampata?

Developers wa humu, nitetemesheni kwa hoja, napokea. Na mwenye busara aniambie: nishuke mara ya tatu, au niache?