Programu ya Barua Pepe Niliyoichagua Mimi

Leo nimepigia makofi kazi yangu mwenyewe, sifa zikaenda kwa mtu mwingine.

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa ndizi hapa Mitunguu. Mwezi uliopita nilijaribu programu tatu za barua pepe, nikachagua moja ya open source, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, ya bure, unasoma barua hata mtandao ukipotea. Mwenyekiti akakataa.

"Madam, vitu vya bure ni vya wezi."

Leo amemleta mkutanoni mpwa wake kutoka Nairobi atushauri kuhusu programu.

Kijana akafungua laptop. Programu ni ile ile!

Watu makofi. Na mimi pia, jamani.

Nikauliza, "Mwenyekiti, si ndiyo hii niliwaonyesha?"

"Wewe ulisema tu. Huyu ameeleza. Andika kwa minutes ameileta yeye."

Nimeandika.

Wewe ungeandika?