Mkia wa Kilatini

Mama alikataa kufa kabla kwaya yetu haijajua Kilatini. Alisema hivyo mbele ya Padri, aliyekuja nyumbani kwetu Ipuli kumpa mpako wa wagonjwa. "Hawa watanizika kwa kinanda na ngoma kama naolewa," alisema. "Nataka ule wimbo wa zamani wa kumsindikiza marehemu. Nitawafundisha mwenyewe."

Basi kila Jumamosi alasiri wanakwaya walijaa uani kwetu, yeye kitini na blanketi magotini. Kwaya yetu ina ugonjwa wake: ukiipa wimbo, inaugawa sauti nne kabla hujafika mstari wa pili. Huu ulikuwa wa sauti moja, hauna ngoma, hauna hata makofi. Sisi wa besi tuliteseka. Kila tulipoteleza chini kutafuta sauti yetu, Mama aligonga ndoo kwa fimbo. "Nani kawatuma huko shimoni? Rudini juu."

Yeye aliupata kwa masikio tu, kwa masista, alipokuwa msichana. Kila mwisho wa mstari alipandisha sauti kidogo, akaivuta, akaiachia, kama wanavyofanya watu wa kwao wanaolima pamoja wakifika mwisho wa tuta. Mvuto huo tukauita mkia, na tukauimba kwa raha kuliko Kilatini chenyewe.

Jirani yetu Mwislamu, aliyekuwa akikaanga maandazi nyuma ya ukuta, alichungulia siku moja. "Shoga, hicho Kilatini chako kitaniunguzia maandazi."

"Vumilia, si kwa muda mrefu," Mama akamjibu. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Jumamosi iliyofuata Padri alikuja na kitabu cha nota. Alisikiliza, akafuata kwa kidole, akakunja uso. "Mama, hapa mwishoni mmeongeza. Huu si wimbo wa kulimia."

"Kitabu kimekosea," alisema Mama, akafumba macho. Alifariki kabla ya Jumamosi nyingine.

Msibani, kabla ya mazishi, Padri alituambia tuimbe kama kitabu kilivyo. Niliutaka ule mkia kuliko nilivyotaka chakula. Nilimweleza kwamba marehemu ni mama yangu, si wa kitabu. Akaniambia kwa upole kwamba liturujia si mali ya familia. Nilimchukia kwa upole wake, nikakubali, maana kwetu hakuna aliyewahi kumshinda padri mwenye kitabu mkononi.

Makaburini tuliimba vizuri mno. Hakuna besi hata mmoja aliyeteleza. Kila mstari ulikatika pale pale ulipotakiwa kukatika, na kila ulipokatika nilihisi tunamfungia Mama mlango usoni. Tulipomaliza, Padri akafunga kitabu, ameridhika.

Ndipo nyuma, kwa wanawake, sauti moja ikapanda kidogo, ikavutwa, ikaachiwa. Tuligeuka sote. Alikuwa jirani yetu, khanga kichwani, mikono ingali na unga. Hakujua hata neno moja la wimbo ule isipokuwa mkia.

Padri alimtazama.

"Samahani, Padri," alisema jirani. "Mwenzangu alikuwa haishii hapo."