Nililidhani Limetoka Angani

Asubuhi moja niliondoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo bila mpango, nikiwa na begi, nyundo na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Juu ya lori la mahindi nikasikia watu wakizungumzia bonde la mviringo upande wa Bukombe, ambako huokotwa mawe meusi mazito. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kimondo kikianguka huacha shimo la namna hiyo. Tulipofika huko nikashuka.

Karibu na bonde nilimkuta bibi akianika mihogo. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa maji. Kando ya ghala lake lilikuwepo jiwe jeusi, kubwa kama kichwa cha ndama. Nikalisogezea sumaku, ikanasa.

"Bibi, hili limetoka angani."

"Limetoka kwenye tanuru la babu yangu. Walikuwa wanayeyusha chuma hapa. Tukishavuna, tunalimwagia pombe."

"Labda aliliokota tu."

"Wewe ni mwalimu?"

"Shule niliacha darasa la sita."

"Basi umenizidi madarasa sita." Akacheka. "Liangalie, ila usilihamishe."

Nilipaswa kuomba tupa, nisugue pembeni kidogo, nitazame ndani pakoje. Kimondo kwa kawaida hakina vitundu, hilo nililijua. Lakini sisi wachimbaji tumezoea kuvunja kwanza na kuuliza baadaye. Bibi alipoingia ndani kunitafutia viazi, nililipiga nyundo mara mbili.

Likapasuka. Ndani lilijaa vitundu kama mkate, na katikati palikuwa na kipande cha mkaa. Mkaa hautoki angani. Yalikuwa masalia ya tanuru, kama alivyoniambia mwenyewe.

Alitoka na sahani, akasimama. Hakufoka. Aliweka viazi chini, akaokota vipande viwili, akajaribu kuvishikanisha. Havikukaa.

"Wanangu wanakuja Jumamosi na pombe," alisema. "Niwaambie nani kalivunja? Hata jina sikukuuliza."

Alisubiri nilitaje. Nilichukua begi, nikasema samahani nikiwa nimeshampa mgongo, nikaenda.

Kesho yake nikafika Segese, ambako sikuwa nimewahi kulala. Mama wa nyumba ya wageni alinisogezea kitabu: jina, kazi, unakotoka. Nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, bila hata kufikiri. Akayasoma, akanipa ufunguo.