Kiswahili cha Kugombezwa Mbele ya Mtahini

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana aibu niliyoipata mimi siku ile, ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu.

Chuo chetu kilisema hivi: ukitaka masomo ya kimataifa yawe somo lako kuu la pili, lazima ujue lugha ya kigeni, usome miaka miwili au ufaulu mtihani wa kuzungumza. Wenzangu wakajazana kwenye Kifaransa, nikawaona wajinga kweli (mama yangu wa Morogoro, anashona nguo huku kusini mwa Afrika, mtaa wa Joubert Park, ananisemesha Kiswahili tangu nizaliwe, miaka miwili ya nini?), nikachagua mtihani, na kwa kuwa wageni waliruhusiwa nikamwalika mama aje asikie. Alikuwa kashawatangazia wateja wake wote kwamba mwanawe atakuwa balozi! Akavaa kitenge kipya, akakaa mbele kabisa, nyuma yake darasa zima la Kiswahili.

Mtahini alikuwa mzee wa Kitanzania, mpole. Akasimama kunipokea. "Karibu binti, tuzungumze tu." Hapo ndipo akili ikanirudi. Kwetu stori zote tunapiga kwa Kizulu, Kiswahili mama anakitoa akinituma au akinigombeza, na mimi najibu "sharp, Ma" (sawa, mama) naondoka, yaani maisha yangu yote sijawahi kuzungumza Kiswahili, nimekuwa naagizwa tu! Nikataka kumkaribisha mzee wa watu aketi, mdomo ukatoa: "Kaa chini! Utasimama mpaka lini?"

Mzee akakaa. Akaniuliza kwa upole uleule nyumbani tunapenda kula nini. "Nawa mikono kwanza," nikasema (jasho linanitiririka, ulimi umeshakataa breki), akaguna, akaniuliza nina ndoto gani maishani, nami nikamjibu kwa sauti ya mama kabisa, mkono kiunoni: "Maswali gani hayo, huoni nina kazi?"

Watu hoi. Kuna mmoja alianguka na kiti chake. Mtahini akajifuta machozi ya kicheko, akauliza, "Binti, nani kakufundisha Kiswahili?" Na mimi, eish, badala ya kunyamaza nikanyoosha kidole: "Mama. Yule pale."

Nilifeli, bila shaka. Nikaambiwa nirudi muhula ujao, nikifeli tena somo la pili ndio basi. Lakini kinachoniuma si hicho. Mama alijifunika uso kwa kitenge, tukaondoka, na tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, tunasubiri kuvuka, ndipo akasema taratibu, "Kumbe mwanangu mimi nakutuma tu."

Nilitamani kulia palepale barabarani.

Siku hizi jioni anaacha kushona, ananiuliza siku yangu ilikuwaje, nami najikongoja kumsimulia kwa Kiswahili, akinirekebisha tunacheka. Mtihani nitaurudia. Ila kumnyooshea mama yangu kidole mbele za watu, hilo sirudii mpaka naingia kaburini.